Sikilidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maumbile na tabia zao

Maswali haya hujirudia kila watu wanapoanza kumfuatilia samaki huyu, iwe wanamfuga bwawani, wanamweka kwenye tangi la kioo au wanamsoma darasani. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Jambo moja litarudi mara nyingi: karibu kila kinachomtofautisha sikilidi na samaki wengine kinapitia mdomoni mwake. Anakula kwa namna yake, anapigana kwa mdomo, anachimba kwa mdomo, na wengi wao hulea humo humo.

Sikilidi ni samaki gani hasa?

Ni familia kubwa ya samaki wa maji baridi ambayo wanasayansi huiita Cichlidae. Perege na sato wamo. Furu wa Ziwa Viktoria wamo, kuhe wa Ziwa Tanganyika yumo, na mbuna wa Ziwa Nyasa nao wamo. Wapenzi wa matangi ya kioo wanawajua diskasi na oska kutoka Amazon, pamoja na yule bapa mwenye mapezi marefu, Pterophyllum.

Asili yao ni Afrika na Madagaska, Amerika ya Kusini na ya Kati hadi Texas, visiwa vya Kuba na Hispaniola, bonde la Yordani, kusini mwa Iran, na kusini mwa India pamoja na Sri Lanka. Spishi zilizokwisha kuelezwa kisayansi zimepita 1,700, na bado kuna nyingi ambazo zina jina la mvuvi tu. Miongoni mwa visukuku vyao vya zamani zaidi ni vile vilivyochimbwa Mahenge, Singida, nchini Tanzania, vyenye umri wa miaka milioni 46 hivi. Samaki hao wa kale waliitwa Mahengechromis.

Nitamtambuaje bila kuwa mtaalamu?

Mtazame puani. Samaki wengi wana matundu mawili ya pua kila upande, moja la kuingizia maji na jingine la kutolea. Sikilidi ana tundu moja tu kila upande. Kisha fuata ule mstari wa vitundu unaopita ubavuni, ambao samaki hutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Kwa sikilidi walio wengi mstari huo umekatika: kipande cha kwanza kinapita juu, kinaishia karibu na mwisho wa pezi la mgongo, na kipande cha pili kinaanzia chini yake kuelekea mkiani. Pezi la mgongo nalo ni moja refu, mbele lina miiba na nyuma ni laini. Ukikuta hayo matatu kwa pamoja, ni nadra sana ukose.

Inasemekana wana mataya mawili. Ni kweli?

Kweli kabisa. Mbali na mataya ya mdomoni, wana mataya mengine kooni, nyuma ya matamvua, yenye meno yake. Samaki wengine wengi pia wana meno kooni, ila kwa sikilidi mifupa ya taya la chini la kooni imeungana ikawa kipande kimoja imara, na taya la juu linaegemea fuvu kwa kiungo kinachoteleza. Kwa maneno mengine, kinu kiko kooni.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa kuwa kusaga kumehamia kooni, mdomo wa mbele umekuwa huru kufanya kazi ya kukamata tu, nao umebadilika kwa kila namna: mipana yenye meno mafupi yaliyobanana ya kukwangua mwani kwenye mawe, mirefu yenye kuchomoza ghafla, yenye midomo minene ya kuziba nyufa za mawe na kufyonza wadudu walio ndani. Wataalamu wengi huona kwamba mataya haya ni sababu mojawapo iliyowawezesha sikilidi kugawana vyakula vingi hivyo. Hawako peke yao: pono wa baharini ana mpangilio kama huo.

Lakini kuna gharama, na hii watu huisahau. Koo lililofungwa hivyo halitanuki sana. Sikilidi anayekula samaki wenzake hupata taabu kumeza windo kubwa na huchukua muda mrefu kulishughulikia. Tutalikumbuka hili tukifika kwa sangara.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba mataya haya hubadilika kulingana na chakula cha samaki mmoja mmoja. Astatoreochromis alluaudi wa eneo la Ziwa Viktoria, akikua anakula konokono, hupata mfupa mnene na meno bapa ya kupasulia maganda. Ndugu yake aliyelelewa kwa chakula laini hupata taya jembamba lenye meno membamba. Watu walipojaribu kumtumia samaki huyu kupunguza konokono wanaoeneza kichocho, matokeo hayakudumu, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo: vizazi vilivyokulia mabwawani kwa chakula laini havikuwa na taya la kufanyia kazi hiyo.

Wanakula nini basi?

Karibu kila kitu kilichomo majini. Mwani, wadudu, konokono, vijidudu vinavyoelea, majani, samaki wadogo. Hayo ni ya kawaida. Wanaostahili kuelezwa ni wale wenye ujanja.

Perissodus microlepis wa Ziwa Tanganyika anaishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Humnyemelea windo kwa nyuma, humrukia ubavuni, hung'oa magamba machache na kukimbia. Mdomo wake umepinda upande: wengine umepinda kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu unaomfaa. Michio Hori, mtafiti wa Kijapani, alionyesha mwaka 1993 kwamba idadi ya pande hizo mbili hupokezana. Wenye mdomo wa upande mmoja wakiwa wengi, samaki wanaowindwa hulinda zaidi ubavu unaoshambuliwa sana, na hapo wale wachache wa upande wa pili hushiba na kuzaa zaidi. Baada ya miaka michache mzani unageuka.

Nimbochromis livingstonii wa Ziwa Nyasa hujilaza mchangani kwa ubavu, mwili una mabaka kama ya mzoga ulioanza kuoza, hatikisiki. Samaki wadogo wakija kudonoa anawanyakua. Na wapo furu wa Ziwa Viktoria waliojifunza kuiba mayai na vifaranga kutoka mdomoni mwa majike wanaoatamia. Ukiniuliza mimi, huyo wa mwisho ndiye mkatili kuliko wote, ingawa samaki hana habari na maoni yangu.

Kwa nini spishi ni nyingi mno katika maziwa ya Afrika Mashariki?

Ziwa Tanganyika lina spishi zipatazo 240, Ziwa Viktoria lilikuwa na takriban 500, na Ziwa Nyasa linakadiriwa kuwa na kati ya 700 na 1,000. Takriban zote hazipatikani kwingineko duniani. Ziwa Tanganyika ni kongwe, lina miaka milioni 9 hadi 12, kwa hiyo muda ulikuwepo. Kinachowashangaza watu ni Ziwa Viktoria. Ushahidi wa matope ya sakafuni unaonyesha kwamba lilikauka, kisha likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Kwa hesabu za mageuzi ya viumbe, huo ni muda mfupi mno.

Hakuna jibu moja. Mataya tumeyataja. Pili, wengi hawapendi kuhama: mbuna anayeishi kwenye mawe huona mita mia chache za mchanga mtupu kuwa mpaka, hivyo kila mwamba unaweza kuwa na ukoo wake. Tatu, majike huchagua wachumba kwa rangi, na hilo lina swali lake hapa chini. Nne, damu iliyochanganyika. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa Ziwa Viktoria na maziwa jirani walitokana na kuchanganyika kwa koo mbili za zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nili ya juu. Mchanganyiko huo uliwapa akiba kubwa ya tofauti za kurithi, na ziwa lilipojaa akiba hiyo ikapata kazi ya kufanya. Hakukuwa na haja ya kusubiri mabadiliko mapya ya jeni yatokee moja moja.

Wala si lazima ziwa liwe kubwa. Barombi Mbo, ziwa dogo la kreta (shimo la volkano) huko Kamerun, lina spishi 11 ambazo hazipo kwingine. Apoyo huko Nikaragua, nalo la kreta, lina umri usiozidi miaka 24,000 na tayari sikilidi wa humo, wa jenasi ya Amphilophus, wamegawanyika kuwa spishi kadhaa.

Rangi zao zina kazi gani?

Kwa furu na mbuna, rangi ndiyo ndoa yenyewe. Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa ndugu wawili wa visiwa vya kusini mwa Ziwa Viktoria: Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, dume wake ana mgongo mwekundu. Wanaishi kwenye mawe yale yale, ila wa buluu hukaa kina kidogo na mwekundu hukaa chini zaidi. Maji ya ziwa hili yana chembechembe nyingi zinazomeza mwanga wa buluu, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelemea wekundu. Macho yao nayo yamefuata: wa chini ana protini ya jicho inayonasa vizuri zaidi mwanga mwekundu. Jike huvutwa na dume ambaye jicho lake linamwona akiwaka. Ole Seehausen na wenzake walieleza kisa hiki kwa kina mwaka 2008.

Sasa wazimie rangi. Watafiti waliwaweka majike kwenye mwanga ambao buluu na nyekundu havitofautiani, na majike wakaacha kubagua. Hicho ndicho kinachotokea ziwani maji yakichafuka kwa udongo na mbolea zinazoletwa na mito: spishi zilizotenganishwa na macho tu huanza kuoana, na baada ya muda unabaki na samaki wa kijivu wa aina moja mahali palipokuwa na wawili au watatu wenye rangi. Hakuna aliyevuliwa wala kuliwa, na bado spishi zimepungua.

Je, kweli wanabeba watoto mdomoni?

Ndiyo, na ukimwona mara moja humsahau. Jike hutaga mayai machache, hugeuka, huyazoa mdomoni, kisha hurudi kutaga mengine. Baada ya hapo taya lake la chini linashuka na kuvimba, mdomo haufungi sawasawa, na kila baada ya sekunde chache anafanya mwendo wa kutafuna. Hatafuni kitu. Anayageuza mayai ili yapate hewa na yasishikwe na ukungu. Ukimtupia chakula anakisogelea, anakitazama, anageuka. Kwa mbuna na furu hali hiyo huendelea kwa majuma matatu hivi kutegemea joto la maji, na kwa sato ni pungufu ya hapo. Wengi hawali chochote muda wote huo. Tumbo linaingia ndani, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili.

Mbuna hubeba makumi machache ya mayai, lakini ni makubwa na yana kiini kingi. Sato mkubwa anaweza kubeba zaidi ya elfu moja.

Siku ya kuwaachia, mama huchagua sehemu tulivu, huinamisha kichwa na kuwatema. Wanakaa wingu dogo mbele ya uso wake wakidonoa. Akihisi hatari, huanza kurudi nyuma polepole kichwa kikiwa chini, na hiyo ndiyo ishara: vifaranga wote wanakimbilia mdomoni, wanasukumana, wengine wanakosea na kugonga jicho. Kosa hilo lina sababu. Wanavutwa na chochote cheusi kilicho karibu, na sanamu ya samaki yenye doa jeusi huwavuta vilevile.

Yale madoa ya manjano kwenye pezi la dume ni ya nini?

Yako kwenye pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja, na yanafanana na mayai. Mwaka 1962 Wolfgang Wickler wa Ujerumani alipendekeza kwamba dume huyatumia kumhadaa jike: ameshazoa mayai yake, anaona "mengine" kwenye pezi, anajaribu kuyazoa, na hapo mdomo wake uko mbele ya mbegu za dume zinazoingia na kuyatungisha mayai humo mdomoni. Maelezo hayo ni mazuri na kwa sehemu yanasimama. Ila majaribio ya baadaye kwa Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika yalionyesha kwamba madoa hayo pia hutumika kutishana baina ya madume, na kwamba jike wa spishi hiyo hamchagui dume kwa wingi wa madoa. Vitabu vingi bado vinasimulia toleo la Wickler peke yake.

Wote huatamia mdomoni?

Hapana. Wengi wa Amerika, na baadhi ya Afrika, hutaga juu ya jiwe, jani au ndani ya shimo, na baba na mama hulinda pamoja. Miongoni mwa wanaoatamia mdomoni nako kuna tofauti: Sarotherodon melanotheron wa pwani ya Afrika Magharibi, anayebeba ni dume. Xenotilapia kadhaa wa Ziwa Tanganyika hupokezana, mama anaanza na baba anamalizia.

Diskasi wa Amazon hulisha watoto kwa utelezi unaotoka kwenye ngozi yao. Vifaranga hung'ang'ania ubavuni na kudonoa, na mzazi mmoja akichoka anajitikisa kumwachia mwenzake. Kipindi hicho utelezi huongezeka protini na kinga za mwili.

Ziwa Tanganyika ndilo lenye vituko. Lamprologus callipterus huzalia ndani ya maganda matupu ya konokono. Dume huyabeba kwa mdomo na kuyarundika katika eneo lake, mara nyingine akimwibia jirani ganda pamoja na jike aliyemo ndani. Ili aweze kubeba lazima awe mkubwa, na ili jike aingie lazima awe mdogo, kwa hiyo dume huweza kuwa na uzito zaidi ya mara 12 wa jike. Wapo pia madume vibete wanaopenya ndani ya ganda kwa siri wakati jike anataga.

Neolamprologus pulcher wa ziwa hilo hilo anaishi kwa ukoo. Wakubwa wawili huzaa, na wengine, wa rika mbalimbali, husafisha mayai, huchimba mchanga chini ya mawe na kufukuza wavamizi. Baadhi si watoto wa wenye nyumba hata kidogo. Wanalipa kodi kwa kazi, maana samaki mdogo akiwa peke yake nje ya eneo huliwa upesi.

Wanaweza kudanganywa walee watoto wasio wao?

Tena vibaya. Gogogo wa Ziwa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, hujipenyeza kati ya sikilidi wanaotaga na kumwaga mayai yake hapo. Jike aliyebabaika huzoa yote pamoja. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na wale vifaranga huwala watoto wa mwenyeji mmoja mmoja, ndani ya mdomo wa mama yao.

Kwa nini ni wagomvi hivyo?

Kwa sababu eneo ndilo kila kitu. Dume asiye na eneo hana jike. Kwa Astatotilapia burtoni, dume mwenye eneo ana rangi kali na mstari mweusi unaokatiza jicho. Akishindwa, rangi hupotea ndani ya dakika chache na anaanza kuogelea na majike kana kwamba ni mmoja wao. Mwenye cheo akiondolewa, mnyonge aliye karibu huvaa rangi zile mara moja, na ndani ya siku chache seli za ubongo zinazoamsha homoni za uzazi zinakuwa kubwa na korodani zinafuata. Cheo kinabadilisha mwili, si tabia tu. Russell Fernald wa Marekani alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuchunguza jambo hili.

Mapigano yenyewe mara nyingi huishia kwenye maonyesho: kutanua mapezi, kufungua vifuniko vya matamvua, kusukumana midomo kwa midomo. Perege wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, huongeza mkojo: dume mbabe hukojoa mbele ya mpinzani, na harufu yake inamweleza huyo mwingine anashindana na nani.

Wana akili au ni silika tu?

Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba dume wa A. burtoni akitazama A akimpiga B, B akimpiga C na kuendelea, anaweza kukisia nani angeshinda baina ya wawili ambao hajawahi kuwaona wakipigana. N. pulcher humtambua jirani kwa alama za usoni. Silika peke yake haifiki huko.

Je, wapo wanaoishi kwenye maji ya moto?

Alcolapia grahami wa Ziwa Magadi, Kenya, anaishi kwenye chemchemi zenye joto linalofika nyuzi 40 na kupita kidogo, pH (kipimo cha asidi au ugadi wa maji) karibu 10. Katika maji ya magadi kiasi hicho samaki wa kawaida hawezi kutoa amonia mwilini, akafa kwa sumu yake mwenyewe. Huyu huigeuza yote kuwa yurea, isiyo na sumu kali. Usiku oksijeni ikipungua hupanda juu kuvuta hewa. Ndugu zake wako Ziwa Natron, Tanzania.

Mbona perege wangu bwawani wanazaa sana lakini hawakui?

Ndiyo tabia yao. Perege akibanwa hukomaa akiwa mdogo na kuanza kuzaa mapema, kisha bwawa linajaa watoto wanaogombania chakula. Jike nguvu zake zinaishia kwenye mayai na kufunga kula, kwa hiyo dume humwacha mbali kwa uzito. Ndiyo maana wafugaji hupenda bwawa la madume watupu, wanaopatikana kwa kuchambua kwa mkono, kwa kuchanganya spishi fulani, au kwa kuwapa vifaranga homoni ya kiume katika majuma yao ya kwanza. Joto nalo lina la kusema: vifaranga wa sato wakikaa kwenye maji ya nyuzi 36 hivi mapema, idadi ya madume huongezeka. Njia nyingine ni kuweka samaki walao nyama wachache wapunguze watoto. Kwa mfugaji mdogo naona kuchambua kwa mkono kunatosha, mradi awe na macho mazuri, kwani jike mmoja akipita bila kuonekana kazi imeharibika.

Sangara alifanya nini hasa?

Aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya kwa muda, kisha miaka ya 1980 idadi yake ikalipuka. Ni samaki anayeweza kufika mita mbili. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka au zilipungua mno. Wengi waliliwa. Lakini furu waliokuwa wenyewe ni wala samaki walipata pigo la pili: sangara hulimeza windo mara moja, wakati wao, kwa lile koo lao, wanahangaika nalo. Walishindwa kwenye chakula hata pale walipoponea meno yake. Maji kuchafuka katika kipindi hicho hicho kukaongeza balaa.

Baadhi wamerudi tangu sangara alipoanza kuvuliwa kwa wingi, ila hawakurudi walivyokuwa. Haplochromis pyrrhocephalus, kwa mfano, aliyekuwa akila vijidudu vinavyoelea, amepata matamvua makubwa zaidi, yanayofaa maji yenye hewa haba, na sasa anakula mawindo makubwa kuliko zamani.

Wanaishi miaka mingapi?

Wadogo wa kwenye maganda ya konokono, michache. Oska akitunzwa vizuri hupita kumi.

Naweza kuchanganya aina mbalimbali kwenye tangi moja?

Unaweza, kwa akili. Usichanganye wa Amazon na wa maziwa ya Afrika Mashariki: wa kwanza wengi wanataka maji laini yenye asidi kidogo, wa pili maji magumu yenye pH kati ya 8 na 9. Usiwaweke pamoja ndugu wa karibu wanaofanana, kwa sababu watazaana na hutajua tena una samaki gani. Kwa mbuna weka dume mmoja na majike kadhaa, mawe mengi yanayozuia kuonana, na ukileta mgeni panga mawe upya siku hiyo ili kila mtu aanze kutafuta eneo. Tropheus, wa Ziwa Tanganyika, apewe chakula cha mimea. Vyakula vyenye nyama nyingi humsumbua utumbo. Na samaki anayejificha kwenye pembe ya juu mapezi yakiwa yamechanika anapigwa, muondoe leo, kesho atakuwa amekufa.

Nimechoka kuwafuga. Nikawaachie mtoni?

Hapana, hata kama mto huo una sikilidi tayari. Hapo ndipo madhara huwa makubwa zaidi. Sato wa Nili alipopandikizwa Ziwa Viktoria aliwabana ngege wa asili, Oreochromis esculentus, na kuzaana nao. Leo ngege halisi wamesalia zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni, na hata huko baadhi wana damu ya sato. Mpe mfugaji mwingine au chama cha wafugaji. Ukikosa wa kuwachukua, muulize daktari wa mifugo namna ya kuwaua bila mateso, na maji ya tangi yamwage ardhini mbali na mfereji unaoelekea mtoni.